Jenereta zote zikizima angani: ugeuze, utulie kwanza, au uendelee na safari?

Hili swali linarudi kila mtu anapotoka kwenye Caravan, ile ndege ya injini moja ya panga, na kuingia jeti ndogo ya viti sita au nane hapa Nairobi: stima ikipotea hewani nifanyeje, nigeuze saa hiyo hiyo, nitulie nimalize cheklisti, ama niendelee tu manake injini zote mbili bado zinavuma vizuri? Kitabu cha ndege yako kitakuambia swichi gani uguse na kwa mpangilio gani, hapo sina la kuongeza, fuata kitabu chako na sio cha ndege ya rafiki yako. Lakini kitabu hakikuambii uende wapi, hiyo inabaki ni kazi ya kepteni, na ndo naona vijana wengi wanakwama. Kwa hivyo nimeweka njia tatu hapa, nikazipima kwa vitu vile vile.

Kwanza tuelewane. Jeti nyingi ndogo za aina ya Cessna Citation zina jenereta mbili, moja kwa kila injini, zinatoa volti 28, alafu kuna betri ya volti 24. Jenereta moja ikienda, ile nyingine imeundwa kubeba mzigo wa lazima, unapunguza matumizi, unamwambia kontrola, yaani mwongoza ndege aliye chini, unapanga kutua mahali pazuri bila presha. Umebakisha hatua moja tu upoteze stima yote, lakini bado unayo. Mimi hapa naongelea zote mbili kwenda. Injini hazizimi, manake tabini ikishawaka moto unajiendeleza wenyewe, na hiyo ndo inadanganya watu: sauti ni ile ile, abiria huko nyuma wanaendelea kupiga stori, kilichobadilika ni sindano ya volti imeshuka kutoka 28 hadi 24 hivi, ampea za kushoto na kulia zinasoma sufuri, na taa nyekundu ya onyo inapepesa mbele yako.

Na kama kuna moshi au harufu ya waya unaoungua, achana na huu ulinganisho kabisa. Ndege ya Swissair safari 111, tarehe 2 Septemba 1998, tangu harufu ya kwanza kwenye kokpiti mpaka ndege ikaanguka baharini karibu na Halifax, Kanada, ilikuwa dakika kama 20, na watu wote 229 walikufa. Moshi ni oksijeni usoni, cheklisti ya moshi, na chini kwa kiwanja cha karibu, basi.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza na kikubwa ni dakika za betri. Kiwango cha zamani cha Marekani cha kuidhinisha ndege ndogo kilitaka betri ibebe vitu vya lazima kwa dakika 30, baadaye kwa ndege zinazopaa zaidi ya futi 25,000 ikawa dakika 60, kwa hivyo jua ndege yako iko upande gani kabla hujapanda ngazi. Alafu fanya hesabu mwenyewe. Chukua betri ya ampea-saa 44, saizi ya kawaida kwa Citation nyingi. Ukiacha vitu vinavuta ampea 80 unapata dakika 33 kwenye karatasi. Lakini betri imezeeka kidogo, au ndo umetoka kuwasha injini nayo na haijajaa tena, kwa hivyo weka asilimia 80 ya uwezo: dakika 26. Sasa zima vya ziada ushuke hadi ampea 40, betri ile ile inakupa kama dakika 53. Angalia vizuri hiyo hesabu, inamaanisha kila dakika unayokaa ukishangaa kwenye ampea 80 inakula dakika mbili za baadaye. Na betri sio kama tokeni za stima nyumbani ambapo mita inakuonyesha zimebaki ngapi, volti zinakaa pale pale kwa muda mrefu alafu zinaporomoka ghafla, ndo maana kitu cha kwanza mkono wako ufanye baada ya kushika ndege vizuri ni kubonyeza saa.

Cha pili ni anga na milima, yaani unaona nje au huoni, na kama huoni utabaki na vifaa gani. Cha tatu ni ranwei, yaani barabara ya kutulia ndege, manake kwa ndege nyingi za saizi hii stima ikienda unapoteza pampu ya breki na antiskidi (inayozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki), na kwa zingine hata flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyokuwezesha kutua polepole), unabaki na breki ya dharura ya chupa ya hewa iliyobanwa. Cha nne mawasiliano. Cha tano ni kazi ya kichwa, hasa kama uko peke yako kwenye kokpiti.

Njia ya kwanza: kugeuza na kutua kiwanja cha karibu kinachofaa

Kwa betri hii ndo inakuacha na akiba kubwa zaidi, hakuna ubishi. Sema umetoka JKIA, kiwanja kikuu cha Nairobi, unaenda Mombasa na uko juu ya Sultan Hamud. JKIA iko nyuma yako kama kilomita 90, ni dakika 15 hivi ukiweka kugeuka na kushuka. Mombasa bado iko mbele zaidi ya kilomita 330, hiyo ni nusu saa na kitu ukiongeza kupanga kutua. Kwa betri ya dakika 26 jibu linajiandika lenyewe.

Anga ndo inaleta shida. Nairobi mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi mawingu yanalala chini na hayaachii mpaka saa nne au saa tano, na wakati wa masika jioni unakuta radi imezunguka mji mzima. Kurudi ndani ya hayo kwa betri peke yake inamaanisha unategemea NAV1 (redio ya kwanza ya kuongozea ndege) na ILS (mawimbi yanayokuelekeza mpaka ranwei) ya ranwei 06, kama laini ya dharura ya ndege yako, yaani vile vifaa vichache betri inaendelea kuvilisha, inaibeba, na milima ya Ngong iko hapo magharibi ikiwa na futi 8,000 na ushee. Inawezekana kabisa, watu wamefanya hata kwenye simulata mara nyingi, lakini ingia ukiwa umejipanga.

Ranwei, hapa nataka tusikizane. Kama uliruka kutoka Wilson, kile kiwanja kidogo cha Nairobi, usifikirie kurudi Wilson kwa sababu tu ndo nyumbani. Ranwei za Wilson ni kama kilomita moja na nusu, ziko futi 5,500 juu ya bahari, na kwa mwinuko huo kasi yako halisi juu ya lami ni kama asilimia 10 zaidi ya ile unayosoma. Ongeza kutua bila flapu, hiyo kwa ndege nyingi ni noti 10 hadi 15 zaidi, ongeza breki za chupa zisizo na antiskidi ambazo ukizikanyaga vibaya tairi zinapasuka, alafu hujachoma mafuta kwa hivyo bado uko mzito. JKIA iko dakika chache tu mbele na ina zaidi ya mita 4,100. Nenda JKIA. Gari lako limepaki Wilson utalifuata na teksi.

Mawasiliano hapa ni mazuri kama utaongea mapema. COM1, redio ya kwanza ya kuongea, kwa kawaida inabaki kwenye laini ya dharura, kwa hivyo tumia hizo sekunde kusema yote kwa pigo moja: mayday, jenereta zote mbili zimeenda, niko kwa betri, niko na watu wangapi, mafuta ya muda gani, naweza kupoteza redio na transponda (kifaa kinachokutambulisha kwenye rada) wakati wowote, nakuja JKIA, nataka magari ya zima moto yasimame karibu. Mkishasema hayo hata redio ikikatika mtu chini anajua hadithi yako. Weka 7700, namba ya dharura, kama transponda bado inaishi, manake kwa ndege nyingi ukihamisha swichi ya betri kwenye nafasi ya dharura transponda inazima. Na taa za mnara zisikupite kichwani: kijani inayokaa ni ruhusa ya kutua, nyekundu inayokaa ni mpe mwenzako nafasi uendelee kuzunguka, kijani inayopepesa ni rudi uje utue, nyekundu inayopepesa ni kiwanja si salama usitue. Mchana unajibu kwa kutikisa mabawa.

Kazi ya kichwa ndo udhaifu wa hii njia. Haraka. Mtu anageuza, anashuka, anasahau kuzima vya ziada, anafika fainali, ule mstari wa mwisho wa kutua, na magurudumu bado yako juu kwa sababu hakukumbuka kwamba kuyashusha kwa dharura kunachukua muda wake. Inamfaa rubani ambaye bado yuko karibu, mwenye betri ya dakika 30, au aliye peke yake na hataki kuhesabu mambo mengi.

Njia ya pili: kutulia hewani, kumaliza cheklisti, kujaribu kuriseti, kisha kuamua

Hii wengi wanaidharau na si haki. Jenereta mara nyingi haijaharibika, ni kile kidhibiti chake kimeiondoa kwenye laini kwa sababu kiliona volti zimepanda kupita kiasi au hitilafu fulani, na kuriseti, yaani kuiwasha upya, kunaweza kuirudisha. Ukipata hata moja mchezo mzima umebadilika, umerudi kwenye hali ya jenereta moja na muda wako hauhesabiwi tena kwa betri. Dakika mbili za utulivu zinaweza kukutoa kwenye dharura kabisa.

Lakini betri inalipia hizo dakika. Kwa hivyo mpangilio ni kuzima vya ziada kwanza ndo uanze kuchunguza, sio kuchunguza huku feni ya kabini, taa za kusomea na redio ya pili zote zinakula. Vitabu vingi vinakuruhusu kuriseti mara moja kwa kila jenereta, ikikataa unaiacha imezimwa. Kurudia rudia unaweza kulazimisha stima ndani ya waya wenye shoti na hapo ndo unajitafutia ule moshi tuliousema juu.

Hatari nyingine ni kugusa jenereta isiyo na makosa. Tarehe 11 Oktoba 1983 kule Illinois, Marekani, ndege ya Air Illinois safari 710, hiyo ilikuwa Hawker Siddeley 748 ya mapanga sio jeti lakini stima ni stima, iliruka Springfield na jenereta ya kushoto ikafa mara tu baada ya kupaa. Kopailoti akatenga ya kulia kwa makosa, ile nzima, na haikukubali kurudi kwenye laini. Nitaimalizia hiyo hadithi kwa njia ya tatu. Kwa sasa shika hili: kabla ya kugusa swichi ya jenereta mmoja aiwekee kidole aseme kwa sauti, "Kepteni, hii ni ya kushoto, taa ya kushoto inawaka, ampea za kushoto sufuri, nazima ya kushoto?" na asiguse mpaka asikie ndio. Peke yako fanya hivyo hivyo, jisemee mwenyewe, hakuna abiria atakucheka.

Anga: njia hii inataka uwe unaona nje. Ukiwa kwenye mawingu juu ya futi 16,000 hivi, huku kwetu ndo barafu inaanzia, na hita ya pito (kibomba cha nje kinachopima kasi) imezimika kwa sababu uko kwa betri, kipima kasi kinaweza kukudanganya kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza wa cheklisti. Kutulia kunafanyika mahali peupe, mfano upande wa Machakos na Athi siku ya jua, JKIA unaiona kwa macho, na pua ya ndege tayari inaelekea huko unaposoma. Kutulia sio kusimama.

Ranwei na mawasiliano ni kama ya njia ya kwanza, tofauti ni kwamba unafika umechoma mafuta kidogo na umejiandaa kwa breki za dharura. Ukiwa uko juu ya futi 29,000 mwambie kontrola mapema, manake bila otopailoti na altimita zote hufai tena kukaa kwenye ile nafasi ya futi 1,000 kati ya ndege na ndege.

Inawafaa marubani wawili waliozoeana, mchana, anga safi, kiwanja kikubwa kiko karibu. Iwekee kikomo: mimi huwaambia wanafunzi dakika tano za saa ile mliyobonyeza, zikiisha bila jenereta kurudi mjadala umefungwa, mnaenda kutua.

Njia ya tatu: kuendelea hadi kiwanja cha mbali kilicho bora zaidi

Naanza na upande mbaya niumalize. Kepteni wa ile safari 710 badala ya kurudi Springfield iliyokuwa nyuma yake karibu, aliamua kuendelea hadi Carbondale kwa betri, usiku, kwenye mawingu. Betri ikaisha njiani, wakapoteza vifaa vya kuonyesha ndege imelala vipi, na watu wote 10 wakafa. Wachunguzi waliweka uamuzi wa kuendelea mbele kabisa kwenye sababu. Linganisha na Qantas Januari 2008, Boeing 747 ambayo maji yalivuja hadi kwenye vidhibiti vya jenereta ikapoteza karibu stima yake yote, lakini ilikuwa tayari inashuka kuingia Bangkok na ikatua salama. Hao wa pili umbali uliwasaidia kabla hata hawajaamua chochote.

Sasa upande mzuri, manake upo. Kuna siku karibu sio pazuri. Nairobi imefunikwa, Wilson imefungwa na mvua, na wewe tayari umepita Mtito Andei na Mombasa wanaripoti anga wazi. Kutoka Mtito Andei JKIA na Mombasa ziko umbali unaokaribiana, kwa hivyo kurudi hakukupi dakika yoyote ya maana, na Mombasa ina ranwei ya zaidi ya mita 3,300 karibu usawa wa bahari, hewa nzito, kasi yako juu ya lami ni ndogo, breki zinateseka kidogo. Unashuka kuelekea nchi inayoteremka, sio milima, na reli ya SGR iko chini yako inakuongoza mpaka pwani kama vifaa vyote vikizima mchana.

Kutoka hapo hapo Mtito Andei kiwanja cha Kilimanjaro ndo kiko karibu kuliko vyote viwili, kama kilomita 145, ranwei ya mita 3,600, mwinuko hata futi 3,000 haufiki. Wengi hawakifikirii kwa sababu ni Tanzania na wanawaza karatasi. Dharura haiulizi viza, tua, karatasi zitapatikana. Tatizo la kweli ni mlima wenyewe, futi 19,341, uko karibu sana na mstari wa moja kwa moja, kwa hivyo njia hiyo ni ya siku unayouona kwa macho, sio ndani ya mawingu na dira ya sumaku.

Mawasiliano ndo yanateseka hapa kuliko njia zote, manake unatoka kwa radar na masafa ya Nairobi huku redio inakufa. Sheria ya ICAO, shirika la dunia la usafiri wa anga, ya redio ikikatika ukiwa unaona vizuri ni ubaki unaona vizuri, utue kiwanja cha karibu kinachofaa, uripoti kwa njia ya haraka zaidi. Haisemi uendelee hadi pale tiketi za abiria zinasema. Redio ndogo ya mkono na tableti yenye GPS na chaji kamili kwenye begi la rubani zinasaidia sana hapa, ni vitu vidogo na vinapaswa kuwa mle kila safari. Na tochi, ikiwa usiku.

Kazi ya kichwa ni ndefu kuliko ni nzito: nusu saa ya kuangalia saa, kuangalia volti, kufikiria tena. Inamfaa mwenye betri ya dakika 60 iliyopimwa juzi juzi, aliyezima vya ziada mapema, mchana, na ambaye kule mbele anakujua kuko wazi, sio anatumaini.

Kwa hivyo wewe uko wapi?

Umetoka JKIA au Wilson, uko ndani ya kilomita 100, anga la Nairobi linakubali hata kama ni mawingu ya kawaida: geuza, ongea mapema, tua JKIA. Cheklisti isome ukiwa unarudi, riseti mara moja njiani.

Uko karibu lakini JKIA iko chini ya mvua ya radi: usiingie kwenye radi na betri. Kaa mahali peupe na vitu vimezimwa, tumia zile dakika tano kuriseti, na kama radi haisogei angalia Eldoret, kama kilomita 270 kutoka Nairobi na ranwei ya kama mita 3,500, lakini angalia saa yako kwanza na ukumbuke iko karibu futi 7,000 juu, kutua bila flapu huko kuna mbio kuliko hata Nairobi.

Uko katikati, Mtito Andei au Voi, mchana: mbele au pembeni, usirudi kwa mazoea. Linganisha dakika, sio kilomita, upepo wa mgongo pia ni dakika.

Ni usiku, na hapa kwetu baada ya saa moja jioni ni usiku kweli: karibu inashinda karibu kila mara, hata kama una betri ya saa nzima, manake taa za ndani na taa za kutua zote zinakula betri moja.

Uko peke yako kwenye kokpiti: achana na njia ya pili kama huna otopailoti, shika ndege, zima vya ziada, tua. Kuriseti fanya ukiwa umeituliza ndege na mikono iko huru, na kama huipati nafasi hiyo iache.

Na kama bado hujaruka, uko tu nyumbani unasoma: kesho ukiwa apron, pale ndege zinapoegeshwa, chukua kitabu cha ndege yako, andika kwenye kipande cha karatasi vitu vinavyobaki kwenye laini ya dharura, dakika za betri yako, na kama flapu na breki zinabaki au la, alafu kibandike hicho kipande pale mkono wako unafika bila kufungua mkanda.